Mwaka wa Kuhesabu Mipira

Chebet alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mboga, akaniambia baba yake amepumzika. Hakulia. Alisema watamzika Alhamisi huko kwao upande wa Sigowet, na kwamba familia ingependa mimi niandike maneno machache ya kusomwa kanisani kuhusu siku zake za mpira. "Wewe ndiye ulikuwa na kitabu, Mwalimu," alisema. "Hata yeye alikuwa anatuambia, mkitaka kujua mambo ya ile timu, ulizeni Mwalimu Kerubo." Nikamjibu kwamba nitaandika. Nilimaliza kuchambua mboga, nikaziosha, nikazikata, nikazibandika jikoni, na nilipokaa mezani na kalamu nikaona siwezi kuandika hata mstari mmoja wa sifa bila kwanza kuandika haya, ambayo hayawezi kusomwa kanisani. Baba yake, Arap Mosonik, aliniambia ninyamaze, na nimenyamaza kwa zaidi ya miaka hamsini. Sasa hayupo. Enoki Wafula, mwenzake wa timu ile, alitangulia zamani. Nimebaki mimi na ile hesabu.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo inaanza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya shamba la chai, kati ya Kericho na Bomet, shamba ambalo sitalitaja jina. Nilipewa chumba kimoja mwisho wa nyumba za walimu: sakafu ya simiti, dirisha linaloangalia chai, meza, na vitanda viwili vya chuma. Cha pili kilikuwa cha mdogo wangu. Alikuja Januari kurudia darasa la saba, na Februari akashikwa na nimonia, siku nne tu, akafa. Tulimpeleka kwetu Kisii tukamzika, na Jumatatu nikarudi kufundisha kutoa na kujumlisha. Hakuna aliyekuja kuchukua kile kitanda, nami sikuomba kichukuliwe. Sikulia. Watu wa kanisa walisema nina imani kubwa, na sikuwakatalia, lakini haikuwa imani. Ilikuwa ni kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona, ni wako, lakini ukiugusa husikii kitu. Nilikula kwa sababu saa ya kula imefika. Nilicheka wengine walipocheka, nikichelewa kidogo.

Mwezi wa Machi, Bwana Gitau alikuja shuleni. Alikuwa Meneja Msaidizi, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho pale shambani, kijana aliyevaa soksi ndefu na kuzungumza haraka. Alikuwa amesoma Amerika, na huko alipenda mchezo mmoja wa kupiga mpira mdogo kwa rungu. Alituelezea chai ya saa nne ikipoa mbele yetu. Huko, alisema, kila kitu kinachofanyika uwanjani kinaandikwa, na kila mwaka nchi nzima inabishana nani achaguliwe mchezaji wa maana kuliko wote. Wazee wanamtaka yule aliyebeba timu moyoni. Wengine wanafungua kitabu. "Na kitabu," alisema Bwana Gitau akigonga meza kwa kidole, "hakina mjomba wala shemeji." Alitaka timu yetu ya mpira wa miguu iwe na kitabu kama hicho. Alikuwa anatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri ambaye hashabikii mtu yeyote. Mwalimu mkuu alinitazama, akasema, "Chukua huyu Kerubo. Hata bao likiingia hapigi kelele."

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa. Kila mwisho wa mwaka timu ilichagua mchezaji bora. Wazee wa komiti walikaa, wakazungumza, wakamtaja mtu, akapewa blanketi na kikombe, na ikaisha. Walitazama miaka ambayo mtu amecheza, adabu yake, jinsi anavyowalea vijana. Lakini mwaka ule kampuni ilikuwa imejenga nyumba sita za mawe karibu na kiwanda, kila moja na vyumba viwili, jiko la kando lenye bomba la moshi, na mfereji wa maji mlangoni. Tano zilikuwa za makarani na mafundi. Ya sita, meneja mkuu alitangaza, itaenda kwa mchezaji bora. Basi kuanzia siku hiyo, ukipita mferejini ambako wanawake wanateka maji, ulisikia mpira tu. Wanawake ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani walijua nani ana goti bovu na nani amepewa pasi mbaya.

Kila mtu alijua nyumba ni ya Mosonik. Alikuwa kapteni, amecheza miaka tisa, na kila mwaka alikuwa amewaachia wengine blanketi na kikombe. Alikuwa mtu mrefu, mchumaji wa chai, na akiwa uwanjani hakunyamaza hata dakika moja. "Enoki, rudi! Kushoto! Ngoja, ngoja, sasa!" Ungedhani anachunga ng'ombe. Yeye, mkewe na watoto watatu walikaa chumba kimoja kwenye nyumba za laini za vibarua, wakipikia humo humo, na mtoto wa mwisho alikuwa na kifua. Mkewe, Mama Chebet, alikuwa ameshaanza kusema "nyumba yetu" akipita karibu na zile za mawe. Goti la kushoto la Mosonik lilikuwa limeanza kuvimba baada ya kila mechi, na hilo nalo kila mtu alilijua.

Enoki Wafula alikuwa amekuja mwaka uliotangulia kutoka upande wa magharibi, kibarua wa msimu, mwenye watoto wanne na chumba kama kile kile. Alicheza nyuma. Hakufunga mabao, hakupiga chenga, hakuna aliyemwimba. Kazi yake ilikuwa kunyang'anya. Mimi nilikaa pembeni ya uwanja wa shule kwenye kiti cha darasani na mwavuli, na kwa kila mchezaji nilikuwa na safu: mabao, pasi za bao, mipira aliyonyang'anya, mipira aliyopoteza. Niliweka vijiti vinne na cha tano nikakikatisha juu yao, kama karani wa mizani anavyofanya. Kufika Mei, safu ya Enoki ilikuwa imejaa vijiti kama ua wa nyumba. Bwana Gitau alikuwa akija Jumatatu kukitazama kitabu, anacheka peke yake kwa furaha. "Unaona, Mwalimu? Mtu huyu yuko hapa mwaka mzima na hakuna aliyemwona!" Na alikuwa na haki. Bila kitabu, Enoki angecheza miaka kumi akipewa makofi ya adabu. Wale wazee walikuwa na macho mazuri, lakini macho yao yaliwaendea kwanza wale waliowazoea. Nimefikiria jambo hili maisha yangu yote na siwezi kusema Bwana Gitau alikuwa na wazo baya.

Kazi ile niliipenda, kama naweza kutumia neno hilo kwa mwaka ule. Kuhesabu hakukuhitaji nihisi chochote. Mpira unanyang'anywa, kijiti. Unapotea, kijiti. Nilirudi chumbani Jumamosi jioni, nikapasha ugali wa mchana na chinsaga, zile mboga chungu za kwetu, nikajumlisha safu zangu nikiwa nimekaa kitandani kwangu, uso kwa uso na kile kitanda kingine. Upande wa pili wa ukuta, mwalimu mwenzangu na mkewe walikuwa wakibishana. "Mosonik ni baba wa timu," alisema mume. "Baba wa timu hapewi nyumba kwa goti bovu," alijibu mke. "Mwacheni Enoki, yule Mluhya, apate, naye ana watoto." Nilisikia yote, na nikaendelea kujumlisha.

Halafu ikaja miezi ya baridi. Wanaoijua Kericho wanaujua ukungu wa Julai, unavyopanda kutoka mabondeni na kukaa juu ya chai siku nzima. Jumamosi tatu mfululizo mechi zilichezwa katika hali hiyo. Lakini sitausingizia ukungu, kwa sababu wengine waliona. Jumamosi ya kwanza nilikaa kwenye kiti changu, refa akapiga filimbi ya kuanza, na kitu cha pili ninachokumbuka ni filimbi ya kumaliza. Watu walikuwa wanaondoka. Ukurasa ulikuwa mweupe. Sikuwa nimelala, macho yalikuwa wazi na kalamu ilikuwa mkononi. Nilirudi chumbani, nikauliza mabao nani amefunga nikayaandika vizuri, na safu zilizobaki nikazijaza mwenyewe. Nilimpa kila mtu alichozoea kupata. Enoki vijiti vingi. Mosonik, kwa sababu ya goti, vichache. Haikuchukua dakika kumi. Jumamosi ya pili ikawa vile vile, na ya tatu pia. Sikuona haya wala woga. Nilipuliza wino ukauka, nikafunga kitabu.

Mechi ya mwisho kati ya hizo tatu ilikuwa dhidi ya shamba la ng'ambo ya mto. Nilikuja kujua siku chache baadaye, kwa kuwasikiliza watu mferejini, kwamba siku hiyo Mosonik alicheza kama kijana. Aliondoa mipira miwili kwenye mstari wa goli, akamnyang'anya fowadi wao tena na tena mpaka yule mtu akavua jezi kwa hasira. Walisema goti lake lilikuwa limefungwa kwa kitambaa na damu ilikuwa imekauka hapo. Nilisikiliza debe langu likijaa. Nilijua ukurasa ule unasema nini. Ningeweza kuurekebisha jioni hiyo hiyo. Nililibeba debe, nikaenda zangu.

Komiti ilikaa Desemba, Jumamosi mchana, kwenye holi ya shamba. Kulikuwa na mkate uliopakwa siagi na chai ya maziwa katika vikombe vya bati, na wachezaji wote waliruhusiwa kukaa nyuma. Mwenyekiti alikuwa Mzee Too, nyapara mkuu, mtu mzito mwenye sauti ya taratibu. Alianza kwa maombi, kisha akasema kwamba komiti imeshazungumza na jina wanalo, na jina hilo halihitaji kutafutwa. Bwana Gitau akasimama. "Mzee, kwa heshima. Tulikubaliana tutasoma kitabu kwanza."

"Kitabu tutasoma," alisema Mzee Too. "Lakini mimi nimeona huu mpira tangu wakati wa wazungu. Mchezaji bora ni yule ambaye akikosa, timu inakuwa yatima. Hiyo utaandika kwa safu gani?"

"Sasa kama anaisaidia timu, Mzee, si itaonekana mahali? Kwa mabao, kwa mipira? Haiwezi kujificha kila mahali."

Nikaambiwa nisome. Nilisimama nikasoma jina baada ya jina, jumla baada ya jumla. Nilipofika kwa Enoki watu waligeuka kumtazama, kama ameingia sasa hivi. Kisha nikafika kwa Mosonik. Mipira aliyopoteza ilizidi aliyonyang'anya. Kulikuwa na kijana mmoja aliyecheka, akanyamazishwa. Bwana Gitau akamwuliza Enoki kama ana la kusema. Enoki alisimama akishika kofia yake. "Mimi nashukuru," alisema. "Lakini Kapteni ndiye huniambia nisimame wapi. Ile mipira mimi nachukua, yeye ameshaiona kabla." Bwana Gitau alitabasamu. "Hiyo ni adabu nzuri, Enoki. Lakini hatuwezi kuihesabu."

Hapo Mzee Too akapiga meza kwa kiganja. "Ile mechi ya ukungu! Ile ya watu wa ng'ambo! Mlikuwa wapi nyinyi? Huyu mtu alicheza na damu mguuni! Mwalimu, hebu soma hiyo mechi."

Nilifungua ukurasa. Mkono wangu haukutetemeka, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. "Mosonik," nilisoma. "Mipira aliyonyang'anya, miwili. Aliyopoteza, mitano."

"Miwili?" Mzee Too alisema. Alimgeukia mzee aliyekaa kulia kwake. "Ilikuwa miwili tu?" Yule mzee alisugua kidevu. "Kulikuwa na ukungu," alisema. "Labda tulikuwa tunamchanganya na Enoki." Nikawatazama wazee wale, watu ambao wangeweza kumtambua mchumaji kwa mbali kwa namna anavyoinama, wakianza kutilia shaka macho yao wenyewe kwa sababu ya vijiti nilivyochora nikiwa nimekaa kitandani. Mosonik alikuwa mstari wa nyuma. Nilingoja aseme. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akatazama upande wa pili.  Kura zilipigwa kwa kuinua mikono, na Enoki Wafula akapata nyumba ya mawe na kazi ya kudumu. Makofi yalikuwa ya kweli, kwa sababu watu walimpenda. Mama Chebet alikuwa amesimama nje ya dirisha na mtoto mgongoni. Alisikia jina, akaondoka kabla ya makofi kuisha.

Wiki mbili zilipita. Enoki alihamia Jumanne. Mosonik alirudisha jezi na kitambaa cha ukapteni, akasema goti limekataa. Mimi nilikuwa nimepata barua ya kwenda chuo cha ualimu, maana nilikuwa nafundisha bila kusomea, nilikuwa nafunga vitu, na siku moja alasiri nilikuta miguu yangu inashuka kuelekea nyumba za laini. Nasema hivyo kwa sababu sikumbuki kuamua. Mosonik alikuwa ndani, ameweka mguu juu ya kigoda, na Mama Chebet alikuwa anasonga kimnyet, ugali wa wimbi. Moshi ulikuwa mwingi na yule mtoto alikuwa anakohoa kitandani. Nilikaribishwa kama mgeni, nikapewa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye majivu, nikakishika kikombe bila kunywa. Kisha nikasema. Nilisema yote kwa sauti ile ile niliyosomea kwenye holi: Jumamosi tatu, kurasa tatu, jinsi nilivyozijaza.

Mama Chebet aliacha kusonga. "Ulichora," alisema. "Ulikaa kwako, ukachora."

"Ndiyo, Mama."

"Na mtoto huyu unamsikia?"

"Namsikia."

Alichukua ndoo iliyokuwa imejaa maji, akatoka nayo nje, akasimama nayo hapo mlangoni bila kwenda popote. Mosonik hakuwa amesogea. Alisema, "Mimi nilijua."

"Ulijua nimechora?"

"Nilijua si miwili. Siku hiyo mimi ndiye nilikuwa na hii miguu."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, Mwalimu? Mtu akisimama kujisifu mbele ya kitabu, anaonekana mwongo. Na wazee wangu walikuwa wameshasahau." Aliusogeza mguu kwa mikono yote miwili. "Hiyo ndiyo iliniuma. Nyumba ni nyumba. Lakini Too alikuwa amesimama pale pale, na amesahau."

Nikamwambia kwamba kesho asubuhi nitaenda kwa Bwana Gitau na kumweleza.  Nilisikia chungu kikichemka na watu wakipita njiani na vikapu vya chai. "Hapana," alisema. "Enoki ameshaingia. Mke wake amepanda mboga nyuma ya jiko, nimeona. Ukienda, wewe watakufukuza, na yeye watamtoa, na hiyo nyumba itapewa karani. Mimi sitaipata. Na hata kama ungeandika kila kitu sawasawa, labda bado angenishinda. Yule kijana anajua mpira." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nyamaza. Lakini usinyamaze kwa sababu unaogopa. Nyamaza kwa sababu mimi nimekuambia."

Nikasema nimesikia. Nilidhani tumemaliza, nikatafuta mahali pa kuweka kikombe. Ndipo akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua, "Hizo Jumamosi tatu. Ulikuwa umekaa pale pale, nilikuona mimi, na mwavuli wako. Kama hukuwa unatuona sisi, ulikuwa unaona nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu kama hicho tangu Februari. Walikuwa wameniambia pole, na wameniambia Mungu anajua, na wameniambia nina imani. Nilifungua mdomo nikidhani nitasema sijui. Nikasema nilikuwa naona kitanda. Kitanda cha chuma, na blanketi limekunjwa, na ndala mbili chini yake. Nikasema kilikuwa cha mdogo wangu, na kwamba usiku wa tatu aliniomba maji nikamwambia angoje kidogo, nimalize kusahihisha madaftari. Nilipomaliza nikampa. Alikunywa. Si maji yaliyomuua. Lakini nilimwambia angoje.

 Mama Chebet alikuwa amerudi ndani, sijui saa ngapi, na ndoo bado mkononi. Hakuwa amenisamehe, uso wake ulisema hivyo waziwazi, na sijui kama aliwahi kunisamehe baadaye. Aliweka ndoo chini, akauchukua mwiko, akaanza tena kusonga.

"Alikuwa na miaka mingapi?" aliuliza, akiangalia chungu.

"Kumi na minne."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Nikasema, "Moraa." Sikuwa nimelitamka jina hilo mwaka mzima. Lilitoka kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumwita mtu aliye nje aje ndani ale.